Kisu cha Marehemu Placido

Delfina alikitazama kile kisu mara ya tatu, na mara ya tatu hakuelewa. Kilikuwa cha babu yake Placido, herufi za jina lake zimechongwa kwenye mpini. Juzi barafu ya mlima Becca Scura iliyeyuka ikautoa mwili wa babu baada ya miaka sitini na tano, kamba kiunoni, kisu wazi kwenye ngumi. Kamba ilikuwa imekatwa shubiri moja tu kutoka kwenye fundo lake.

Hapo ndipo kichwa kilipomzunguka. Kijiji kizima kilijua kwamba aliyekata kamba ni Lorenz, Mswisi wa ng'ambo ya mlima aliyefungwa naye kamba moja, ili ajiokoe. Lisemwalo lipo, husema watu, nao hili walilisema mpaka likawa kweli. Celestina, mama yake Delfina, alikuwa na miaka sita siku ile, na chuki hiyo ndiyo iliyomlea. Sasa aambiwe nini? Tena leo, sikukuu ya waongoza wapanda mlima, padre anapobariki kamba na mashoka ya barafu!

Lorenz alikuwapo. Kila mwaka huvuka mpaka, akasimama nyuma ya watu wote uwanjani pa kanisa, na hakuna anayemsalimu. Delfina akamwendea na kisu mkononi.

"Mzee, babu aliikata kamba mwenyewe?"

"Nilimkataza, binti. Tulikuwa tunateleza wote wawili, akaikata ili nipone mimi."

"Mbona ulinyamaza? Wamekuita muuaji maisha yako yote!"

"Padre wenu wa siku zile angesema babu yako amejiua. Asingesomewa misa, wala kengele isingelia. Nikaona heri waniseme mimi niliye hai."

 Delfina hakujua amlilie nani, akajikuta amemkasirikia hata babu.

"Wewe!" Mama alikuwa nyuma yake. "Umekosa watu wa kuongea nao?"

Delfina alimwekea kisu kiganjani. "Kilikuwa mkononi mwa babu, mama. Aliikata kamba yeye mwenyewe."

Celestina alizipapasa zile herufi, akamtazama Lorenz, akakitazama tena kisu.

"Sielewi," alisema. "Sasa mimi nilikuwa namchukia nani?"

 Misa ilianza, watu wakakaa. Celestina hakukaa. Alimgeukia bintiye.

"Mletee kiti. Huyu amesimama tangu nina miaka sita."