Kucha ya Tano

Mke wangu Cuilian alisaga rangi za tanuri la vyombo vya kauri la Mfalme hapa Jingdezhen miaka kumi na minane, na alipokufa wakubwa walituma mtu kuulizia mchi. Siyo kutoa pole. Mchi.

Rangi yake ya mwisho, ya kijani, waliichukua yote isipokuwa kidogo niliyoificha katika kikombe. Hiyo waliyoichukua nikapewa mimi niijaze kwenye joka la bakuli la manjano, la mama yake Mfalme.

Bakuli lilipotoka motoni, msimamizi Gu akalizungusha, kisha akaniita.

"Mzee Ruan, joka la Mfalme lina kucha ngapi?"

"Tano, bwana mkubwa."

"Mguu huu una nne!"

Kweli. Nilikulia kwenye matanuri ya wafanyabiashara, na huko ukiweka kucha ya tano, iliyo ya Mfalme peke yake, unatafuta kukatwa shingo. Kwenye mguu wa mwisho mkono ukarudia mazoea. Kucha ya tano mchongaji wetu Peng aliichonga vizuri kwenye udongo, mimi nikaifunika kwa manjano.

"Papasa, bwana mkubwa, ipo," Peng akasema.

"Mama Mfalme naye atapapasa?"

"Akipata nafasi."

Watu wakacheka. Gu akaagiza nyundo, maana chombo cha Mfalme kikiwa na kasoro huvunjwa na kufukiwa. Na jasho la mwisho la Cuilian lilikuwa mle.

"Niache niikwangue hiyo manjano," nikasema. "Nitie kijani, lirudi kwenye moto mdogo."

"Kijani kipi? Cha msagaji mpya ni kama mchicha uliooza."

"Kile cha zamani ninacho."

"Umeiba!"

"Nimerithi."

"Kwa nani wewe?"

"Kwa yule uliyeulizia mchi wake alipokufa."

Gu akatazama pembeni. Nyundo akairudisha.

Nilikuwa nimepanga kuzikwa na kikombe kile. Nikakikomba mpaka kikabaki cheupe. Rangi ikatosha kucha moja, basi.

Bakuli likatoka safi. Gu akatangaza kwamba jicho lake ndilo lililoliokoa. Mwache, wakubwa ndivyo walivyo. Likafungwa kwa majani ya mpunga, likashuka mtoni kwenda Beijing. Cuilian, ambaye hata ng'ambo ya mto hakuwahi kufika, anaingia kwenye kasri kabebwa kwa mikono miwili.

Kikombe nimekiosha. Peng akaniuliza nitakitilia nini sasa.

"Chumvi," nikamwambia. Ya nyumbani ilikuwa haina chombo.