Sabuni ya Thangavel

...kwa sababu sabuni haiyeyuki kwenye petroli, kila mtu wa Coimbatore aliyewahi kupanda pikipiki kuukuu analijua hilo, tangi likikutobokea njiani unasugua kipande cha sabuni mpaka tone likome, unafika nyumbani, kesho yake unalipeleka likatiwe lehemu, kesho yake, kaka, siyo miaka kumi na tisa baadaye, aliwaza Kathiresan, tangi limelala mapajani mwake tumbo juu, dole gumba lake likiwa juu ya bonge la sabuni, ndani ya alama ya dole gumba la marehemu kaka yake, na lilienea sawasawa, mama yao alikuwa akisema hawa wawili nimewazaa kwa mkono mmoja... na maji ya kusuuza yapo ndooni, mnyororo na nati za kutikisia kutu zipo, ukwaju wa kumalizia kutu itakayobaki umerowekwa tangu alfajiri, asiye tayari ni fundi peke yake, fundi mzima wa miaka sitini na tatu anaogopa sabuni, makubwa haya, lakini akiibandua alama inakwenda na maji, na ni nini tena amebakiwa nacho cha Thangavel...

"Baba mdogo, umelala?" Yazhini, binti wa marehemu, amesimama mlangoni na asumini nywelani, "kahawa inapoa."

"Nitalalaje na tangi mapajani?"

...mwalimu mpya huyo, Jumatatu anapanda Kotagiri kuanza kazi, na hataki basi, anataka pikipiki ya baba yake, na ile barabara ya mlimani inapinda na kupinda, injini inawaka kama jiko, sabuni inalainika, tone moja tu likidondokea silinda yenye moto... hapana, afadhali asifikirie, alijua vizuri, maana ni barabara ile ile, kona ile ile yenye duka la chai, tangi lilianza kuvuja wakiwa wawili, Thangavel akachomoa mfukoni sabuni nyekundu ya kuogea, akasugua, akacheka mvua ikimpiga usoni, "itatufikisha, mdogo wangu, kesho utalishughulikia wewe," na jinsi alivyonuka sabuni na petroli njia nzima, Kathiresan nyuma amemkumbatia kiunoni, Mungu wangu, walikuwa na raha... na kesho yake chuma cha kulehemu kimepata moto, yeye anangoja, Thangavel yuko pale kibandani kwa mwuza kahawa anatamba mbele za watu, "mwacheni huyo fundi wa lehemu, anataka kumtibu aliyekwishapona!" watu wakaangua kicheko, na yeye, mwenye hasira za mkizi, akajibu, "basi panda sabuni yako, na usinikanyagie karakana," maneno hayo tu, kwa utani wa asubuhi moja, wakanuniana mpaka moyo wa mmoja uliposimama mwezi wa pili mwaka huu...

"Mama atafurahi," Yazhini alikuwa akisema, "pikipiki ilikuwa inamlia sabuni zake."

"Sabuni gani?"

"Za kuogea. Kila mvua zikikaribia Baba anabandika nyingine. Mpaka fundi wa sokoni akajitolea kulichomea tangi bure, Baba akamfukuza. Akasema, 'Tundu hili lina mwenyewe, ngoja hasira zimwishe.'"

...lina mwenyewe... akakwaruza ukingo wa bonge kwa ukucha, polepole, chini ya vumbi na mafuta nyeupe, chini yake kijani, chini ya kijani nyeupe tena, na huko chini kabisa, ngumu kama jiwe, nyekundu, na alama hii aliyokuwa akiilinda kumbe si ya siku ile ya mvua na kicheko, ni ya mvua za mwaka jana, ya kidole cha mzee aliyeinama peke yake kukanda sabuni, miaka yote hiyo, naye akipita barabarani na kuona bonge lile alikuwa akisema moyoni, mwone, kiburi hicho, bado anajitapa na sabuni yake, ee Kathiresan, mjinga wewe, mtu alikuwa anakushikia nafasi... na machozi yakaja, akayaacha yaje, na hofu ya sabuni ilikuwa imemtoka, hakujua saa ngapi, sasa alikuwa akihesabu kazi, ajaze maji mara tatu petroli isibaki hata harufu, ndipo lehemu, nyembamba, isiyo na haraka, na Yazhini aambiwe, msimu wa mvua usiliache tangi tupu, mwanangu, jaza mpaka shingoni, unyevu usipate pa kukaa...

"Baba mdogo, unalia?"

"Petroli hiyo," alisema, tangi halina petroli tangu juzi, "niletee kisu butu cha jikoni, tuibandue," na dole gumba lake bado lilikuwa pale pale, ndani ya lile jingine, nimechelewa kidogo tu, kaka, usininunie...