Msichana Ndani ya Jicho la Bi Polixeni

Asubuhi ya arobaini ya Labrini, mama yake, Vasilo, alishuka mjini Yanina kwa basi, amepakata bakuli la ngano ya kuchemsha iliyofunikwa sukari, ya kumwombea marehemu. Areti, binti yake mdogo, alikaa kando yake akidokoa lozi zilizopangwa msalaba juu ya sukari. Vasilo hakumkataza.

Walipotoka kanisani walikwenda kwa Bi Polixeni, ambako Labrini alikuwa binti wa roho. Ndivyo walivyoitwa wasichana wa milimani waliopelekwa mjini kufanya kazi bila mshahara, kwa ahadi ya kuja kuozwa na vyombo vyao. Labrini alikufa kwa kifua kabla ya vyombo.

Mtaani walishamsimulia Vasilo. Tangu mazishi, anayemtazama Bi Polixeni machoni hajioni, anamwona Labrini. Muuza samaki alikuwa akimsalimu Labrini humo kila siku. Padri naye alisema Wagiriki wa kale waliiita mboni kori, yaani msichana, kwa ajili ya kile kijitu unachokiona jichoni mwa mwenzako ukimsogelea. Huyu, alisema padri, amekawia kutoka, basi.

Bi Polixeni alikaa dirishani penye mwanga, akavua miwani.

"Haya, mtazame. Ila usinipumulie, atafifia."

Ndani ya mboni, Labrini alikuwa amepiga magoti, akisugua sakafu kwa brashi.

"Mbona hana viatu?"

"Alivivua mwenyewe. Kichwa kigumu kama mbuzi wenu."

Vasilo alimwita taratibu. Labrini hakugeuka, alikamua tambara, akaendelea. Vasilo akaomba mwanawe aachwe apumzike. Bi Polixeni alisema hata yeye amechoka, mkwaruzo wa ile brashi unamnyima usingizi, lakini nyumba ni kubwa na kazi haijaisha. Ahadi ya vyombo ingalipo, inaweza kumhamia mdogo. Baba yao alishakubali, alipokutana naye sokoni.

Areti aliacha kutafuna.

"Mama, twende nyumbani."

Vasilo alimfunga upya kitambaa cha kichwa. Alichukua muda mrefu kukifunga, kana kwamba fundo lilikuwa gumu. Bi Polixeni akamshika mtoto kidevu, akamgeuza kwenye mwanga.

Vasilo aliinama kuchukua bakuli lake, akatazama mara ya mwisho. Ndani ya jicho, Labrini alikuwa amesogeza ndoo pembeni, ili mdogo wake apate pa kupiga magoti.