Somo Wako

Cheti changu cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na miaka arobaini na sita, kwa kusoma ngumbaru jioni baada ya kazi. Kiswahili nilipata A. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba nilichofanya mwezi wa Agosti hakikutokana na kutosoma.

Kompyuta niliinunua baada ya mke wangu Gladwell kufariki. Nyumba ilikuwa kimya mno, na mwanangu wa pekee, Munene, alikuwa hazungumzi nami. Alioa msichana wa Pwani, nami nikakataa kuhudhuria arusi. Kwa miaka mitatu hakupokea simu zangu. Nilimtumia ujumbe wenye anwani yangu ya barua pepe, na kila asubuhi nilifungua kuona kama ameandika.

Kwa kuwa njia ilikuwa hiyo moja tu, nilitaka kuilinda. Nilijiandikisha kwa Mwalimu Kagwiria, anayefundisha wastaafu kompyuta katika ukumbi wa kanisa huko Kaaga. Alitueleza kwamba virusi huja ndani ya barua. Usifungue kiambatisho cha mtu usiyemjua. Na tazama lugha, kwa sababu matapeli huandika ovyo, sarufi yao hupinda. Wenzangu waliandika madaftarini. Mimi nilitabasamu tu, maana sarufi ni uwanja wangu.

Jumanne moja ikaja barua kutoka kwa mtu aitwaye Anab. Ilikuwa na kiambatisho. Kichwa chake kilisema: "Salamu kutoka kwa somo wako."

Somo wako! Hata mtoto wa darasa la tatu anajua ni somo lako. Niliifuta bila kuifungua, nikamzuia mtumaji asiniandikie tena, kisha nikafuta hata kilichobaki kwenye pipa la taka. Siku nzima nilijiona mwerevu, ila sikuwa na wa kumweleza.

Alhamisi nilipeleka suruali kwa Ishmael, fundi cherehani wa Meru mjini. Ni Mmeru mwenzangu, lakini alifanya kazi bandarini Mombasa miaka mingi. Nikamsimulia nilivyomnasa tapeli aitwaye Anab kwa kosa la ngeli. Alicheka, akasema sisi wazee wa ngumbaru tutawafukuza Waswahili kwenye lugha yao wenyewe. Halafu akasimamisha cherehani.

"Mzee Mukiri, kule Pwani somo si la darasani tu. Somo ni mtu. Ni yule mnayeitwa jina moja."

"Wajina?"

"Huyo huyo. Somo wako ni sahihi kabisa."

Kwetu, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Nilikuwa nimejiambia kwamba Munene, kwa hasira aliyokuwa nayo, hangenipa heshima hiyo.

"Mke wa Munene anaitwa nani?" Ishmael aliuliza.

"Sikuwahi kuuliza."

Aliinama, akaanza kupima upya suruali ambayo alikuwa ameshaipima.

Nilirudi nyumbani nikafungua kompyuta. Pipa lilikuwa tupu. Picha, kama ilikuwa picha, ilikuwa imekwenda. Lakini katika orodha ya watu niliowazuia kulikuwa na anwani moja, yake. Duniani kote, mtu pekee niliyemfungia njia alikuwa ndiye aliyekuwa akinitafuta.

Nikamfungulia, nikaandika: "Anab, mimi ni baba yake Munene. Barua yako niliifuta kabla ya kuisoma. Kosa ni langu, Kiswahili chako hakina kosa. Naomba uitume tena. Mtoto ana umri gani?"

Niliisoma mara nne kabla ya kuituma.

Ijumaa hakukuwa na kitu. Jumamosi hakukuwa na kitu. Jumapili sikwenda kanisani. Leo ni Jumatano. Nimegundua kwamba kompyuta hutoa mlio barua inapoingia, kwa hiyo nimeongeza sauti hadi mwisho, na dirisha nimeliacha wazi ili niusikie nikiwa shambani.