Posho ya Vilema

Nesta alipofika mbele ya meza ya karani, pale Chitete, pumzi ilikuwa imemwishia. Alishika ukingo wa meza. Ulikuwa mwaka wa pili mvua kukataa, na serikali ilikuwa ikigawa mahindi kila Jumatatu: vilema bure, wazima baada ya kazi ya barabara.

"Kilema chako?" Karani Kefa aliuliza bila kuinua macho.

"Kifua, bwana karani. Nikibeba hata mtungi nazimia."

"Onyesha."

"Ugonjwa uko ndani."

"Wa ndani siuoni. Barabarani! Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa Ruti, jirani yake, ambaye donda lilimla mguu hadi ukakatwa chini ya goti. Alisogea kwa magongo, akapimiwa pishi mbili, akafungiwa mgongoni. Wala hakuulizwa kitu.

Jioni moshi ulipanda kwa Ruti. Nesta alikaa kizingitini na mboga zake za porini zisizo na chumvi, harufu ya ugali ikimjia. Alijikuta akiutazama mguu wake wa kulia, mzima, akauchukia.

"Mama Ipyana, njoo uonje," Ruti alimwita.

Hakwenda. Kuonja, kama mtoto!

Jumatatu iliyofuata aliwahi mezani.

"Yule Ruti analima," alisema. "Alfajiri anajiburuza kwa magoti shambani. Nimemwona kwa macho yangu."

Sasa Kefa aliinua macho. "Analima?"

"Hata jana."

Karani alilikata jina. "Anayelima ni mzima. Amri ya Bwana DC."

"Na nafasi yake, bwana karani?"

"Nafasi gani? Wewe una miguu miwili."

Ruti alipofika aliambiwa posho yake imehamia barabarani. Huko mnyapara alimketisha chini, akampa nyundo aponde kokoto. Nesta alipewa karai, abebe mawe kutoka korongoni.

Ruti hakujua nani alisema. "Pole, mama Ipyana," alimwambia kila alipopita akihema.

Safari ya sita Nesta alilitua karai. Dunia ilimzunguka, mdomoni alisikia ladha ya damu.

"Wewe! Umekuja kulala?" mnyapara alifoka.

Akainama kulinyanyua tena. Jicho lake likamwangukia Ruti, kisiki cha mguu amekinyoosha juani, anapumua taratibu, kokoto zimemzunguka.

Amekaa, Nesta aliwaza kwa wivu. Mwenzangu amekaa.