Maharage ya Shamba la Cornelia

Mwezi wa tatu, mvua ilipopumzika kidogo, Cornelia alikuwa shambani nje ya mji wa Sumbawanga akitengeneza ntumba, yale matuta ya duara ambayo ndani yake hufukiwa nyasi zioze. Alipoinama kugeuza bonge la udongo, wimbo mmoja ukamdondoka kichwani, sauti zote nne. Uliangukia kwenye nyasi, na kwa kuwa jembe lilikwisha kushuka, akaufukia humo humo. Akahamia tuta linalofuata.

Kisa chake kilijulikana. Baada ya kumzaa Jastin alishindwa hata kumshika mtoto, akaandikiwa vidonge vya sonona, navyo vilimsimamisha. Alimlea mwanawe, akarudi kufundisha kwaya ya kigango, na waimba besi wakamwogopa kama zamani. Ndipo Silvana, dada mkubwa wa mumewe, alipokiona kikopo cha dawa nyuma ya ndoo ya maji, akasema ukoo wao haujawahi kuoa mtu wa dawa za kichaa. Kalisti, mumewe, hakugomba wala nini. Alikitumbukiza kikopo chooni, akanawa mikono, akauliza chakula kiko wapi.

Huzuni haikurudi. Kilichokuja ni ukungu. Cornelia alisimama mbele ya kwaya mkono ukiwa juu, asijue ameuinulia nini. Mboga aliitia chumvi, akaitia tena. Sasa vitu vilianza kumdondoka kabisa kila alipoinama, na kulima ni kuinama. Zikadondoka nyimbo, ukadondoka utani wake na mumewe, yakadondoka maneno aliyoambiwa na daktari. Vyote alivifukia, akapanda maharage juu yake, maana ndivyo ntumba zinavyopandwa.

Maharage yalipokomaa, bakuli la kwanza lilikwenda kwa wifi mkubwa, kama heshima inavyotaka. Silvana aliyala na ugali wa ulezi. Kwenye mazoezi ya kwaya yeye, ambaye miaka yote aliombwa kwa upole aimbe taratibu, alisimama akawaambia waimba alto kwamba wanaingia mapema. Ni kweli walikuwa wanaingia mapema. Mwenyekiti wa kwaya, Oswaldi, alisema shamba la Cornelia tangu zamani lina rutuba, akamwomba Silvana apite mbele.

Wivu ulimkaba Cornelia. Alikaa kwenye benchi akiutazama mkono wa Silvana, na ulikuwa mkono wa Cornelia mwenyewe, hadi kile kidole kidogo kinachoinuka besi wakiburuta. Alirudi nyumbani akainjika sufuria nzima ya maharage yale yale, akala mpaka tumbo likakaza. Yalikuwa na ladha ya maharage.

Kalisti akaanza kupitia kwa dada yake kila jioni, kwa sababu huko utani ulinoga. Jastin akikataa kulala, alibebwa hadi kwa shangazi, mwenye wimbo wa kumbembeleza. Hapo Cornelia hakuvumilia. Alikwenda.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Nimefuata vitu vyangu."

Silvana hakukana. Aliendelea kuchambua maharage kwenye ungo. "Nitavitoa wapi, wifi? Vimeshaliwa." Kisha akaongeza, "Na vile vidonge, daktari alikukataza kuviacha ghafla. Alisema vipunguzwe kidogo kidogo, na ukisikia kichwa kizito urudi kwake."

Cornelia aliyasikia maneno yale yakigusa mahali yalipong'oka, kama ulimi kwenye pengo la jino.

"Umejua lini?"

"Tangu lile bakuli la kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

Silvana alifikiri, tena kwa akili nzuri ya Cornelia. "Ungepona," alisema. "Mimi ningefundisha nini?"

Nyumbani Cornelia alimweleza mumewe yote bila kuficha. Kalisti alitikisa kichwa kwa kumkubali dada yake, akasema mwanamke yule ana akili. Habari ya daktari wangeitazama baada ya mavuno.

Asubuhi Cornelia alishika njia ya kwenda hospitali peke yake. Alitembea shingo wima, kama aliyejitwika ndoo iliyojaa, akiyarudia maneno ya daktari kimyakimya. Karibu na barabara kubwa alikutana na mzee Eustaki. Mke wa watu hampiti mzee akiwa amesimama kama mti. Cornelia alipiga goti, akainamisha kichwa, akapiga makofi ya polepole ya kumwamkia, na maneno yakadondoka kwenye majani ya kando ya njia.

"Marahaba, mama Jastin. Unaelekea wapi?"

"Sijui, baba."

"Nadhani shambani," alisema mzee. Cornelia akaenda shambani.

Mvua zilizofuata, Silvana alikuwa ameelemewa na kwaya, kwa hiyo ndugu walikubaliana Cornelia amlimie na shamba lake. Alilima vizuri. Kila alipoinama kitu kilidondoka, mpaka asijue tena kwamba aliwahi kuwa na kitu chochote cha kunyang'anywa. Wivu peke yake ulibaki, ukiinama naye na kuinuka naye. Silvana alipita nyuma yake na kapu la mbegu, akipanda, na Cornelia alimtazama akamwonea wivu, kama mtu anavyomwonea wivu jirani aliyezaliwa na akili.