Mjane wa Ukurasa wa Nne

Shemeji yangu Pannalal alipoacha ukarani wa bandarini na kuwa wakala wa dawa, niliacha kumwamini hata alipoapa kwa jina la mama yake. Tulipomwoza dada yangu Kamala kwake, alikuwa mtu wa maneno machache. Sasa alishuka kwenye treni ya asubuhi hapa Srirampur na viatu vya kung'aa, nywele zimelowa mafuta, na kila alilosema lilianza na neno "imethibitishwa".

Lakini mkwe ni mkwe. Kwetu Bengali, hata akija na nyoka mfukoni, utampa maji ya kunawa miguu na kumpikia samaki mnono kuliko wote sokoni. Basi mke wangu Sarojbala alikuwa jikoni akikaanga, nami nimekaa barazani nikimtazama shemeji akitoa chupa na kuifuta kwa leso kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Chupa ililetwa kwa ajili ya shangazi yangu Nistarini. Yeye ndiye aliyenilea mama alipokufa. Alifiwa na mume akiwa binti wa miaka kumi na minne, na tangu siku ile, kwa desturi ya wajane wetu, hakugusa nyama, samaki, kitunguu wala kileo. Alikuwa na jiko lake mbali na letu, na aliyetoka kula samaki hakuruhusiwa kuvuka kizingiti chake. Mwaka huo malaria ilimwandama msimu mzima wa mvua. Kwinini iliondoa homa, udhaifu ukabaki. Daktari alimshauri anywe mchuzi wa samaki. Shangazi alicheka mpaka akakohoa.

"Daktari," alisema, "ongeza na pande la ng'ombe, nife mara moja."

Kwa hiyo alizidi kufifia mbele ya macho yetu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuweza tena kuteremka ngazi kwenda kuoga katika mto mtakatifu wa Ganga asubuhi.

"Hii hapa, Shangazi," alisema Pannalal. "Balasindhu. Imethibitishwa na madaktari wa London, ikapata medali mbele ya Gavana."

"Medali ya nini?" niliuliza.

"Ya ubora, shemeji."

"Ubora wa dawa au wa chupa?"

Alinipa gazeti lililokunjwa kwenye ukurasa wa nne, na tangazo lilikuwa limezungushiwa wino. Nikalisoma kwa sauti. Balasindhu iliponya homa, bandama, usahaulifu, ugumba na kukatika nywele. Iliponya pia unene na wembamba.

"Inajuaje imeingia kwa mnene au kwa mwembamba?"

"Dawa ina akili, shemeji. Kuliko watu wengine."

Kwa dirisha la jikoni nilisikia Sarojbala akikizuia kicheko. Nikaendelea. Chini ya orodha kulikuwa na picha ya mwanamke aliyejitanda sari kichwani, na maneno yake: "Mimi ni mjane wa Kibrahmini wa Krishnanagar. Nilikuwa siwezi kuinuka kitandani. Leo nachota maji mtoni mwenyewe. Dawa hii haina nyama wala kileo."

"Hebu rudia hapo pa mjane, baba," alisema shangazi kutoka kwenye mkeka wake.

Nikarudia.

"Alikuwa hawezi kuinuka?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Na sasa anakwenda mtoni?"

"Kwa miguu yake, Shangazi!" alidakia Pannalal. "Na ndoo kichwani!"

Shangazi alinyoosha mkono. Nilikuwa sijauona ukinyooka hivyo kwa wiki nyingi. Nikaichukua chupa kabla haijamfikia, nikaifungua na kuinusa. Karafuu ilinipokea kwanza, kisha sukari, na chini yake harufu ninayokutana nayo langoni pa kiwanda cha juti siku ya mshahara, vibarua wakishalewa.

"Hii ni nini, shemeji?"

"Mitishamba."

"Mitishamba gani?"

"Siri ya kampuni."

Singeweza kumwita mkwe mwongo barazani pangu. Kwa hiyo nilirudi kwenye gazeti. Mimi gazeti nalisoma mpaka jina la mpiga chapa. Herufi nilizipata shule ya usiku, macho yakiwa mekundu kwa vumbi la juti, na sikubali hata moja initoroke. Chini kabisa ya ukurasa uleule kulikuwa na tangazo la achari ya haradali, kutoka kampuni ileile. Achari nayo ilifukuza kipindupindu, riahi na uvivu wa makarani. Ilikuwa na picha ya mwanamke. "Mume wangu alikuwa hali chakula," alisema mwanamke huyo. "Tangu nianze kumwekea achari hii, anaomba sahani ya pili."

Nikatazama juu, nikatazama chini. Ilikuwa sari ileile na jicho lilelile lenye makengeza kidogo. Hata ufa ulikuwa uleule shavuni, pale kibao cha kuchapia kilipopasuka. Na kwenye kifundo cha mkono, katika picha ya juu na ya chini, alivaa bangili nyeupe za kombe, ambazo mwanamke wa kwetu huzivunja siku mumewe anapokufa.

"Sarojbala! Njoo uone."

Alikuja na upawa mkononi, akavuta sari usoni kwa heshima ya mkwe, akainama juu ya gazeti.

"Mbona mjane ana bangili?" Kisha akaona ya chini. "Mama yangu! Juu kafiwa, chini anampakulia mumewe! Dawa kali kweli hii, imefufua hadi marehemu!"

"Ni mambo ya matbaa tu," alisema Pannalal, masikio yamemwiva. "Wana picha moja ya mwanamke, wanaitumia kila mahali. Picha si dawa. Mjane mwenyewe yupo."

"Yupo wapi?"

"Amekwenda Kashi kuhiji."

"Na ndoo kichwani?"

Shangazi hakucheka. Aliomba gazeti, akalitazama kwa muda mrefu, yeye asiyejua kusoma. Alipolishusha, mkono wake ulikuwa umelegea tena.

"Sarojbala, niletee kile kijungu cha shaba nyekundu, chenye maji ya Ganga. Na unichumie jani la mrehani."

Sarojbala alivileta. Pannalal alijua kinachokuja, kwani kwetu huapiwa kwa vitu hivyo, akasogea nyuma kwenye kigoda.

"Mwanangu mkwe," alisema shangazi, "gazeti siliulizi. Nakuuliza wewe. Shika shaba, maji na mrehani, useme ndani ya chupa hamna nyama wala pombe. Ukisema, nitakunywa sasa hivi mbele yako."

Pannalal alinyoosha mkono, akafika karibu na jani. Akaurudisha.

"Shangazi, mimi nauza tu. Sipiki."

"Anapika nani?"

"Simjui. Kampuni inasema..."

"Kampuni haina mkono wa kushika mrehani."

Pannalal alitaka kuondoka, shangazi akamkataza. Mkwe haondoki nyumbani na njaa. Akala samaki wake akiwa ameinamisha kichwa, na Sarojbala akamwongeza wali bila utani. Alipomaliza kunawa, aliinyemelea chupa.

"Unaipeleka wapi?" aliuliza shangazi.

"Basi tu... Uttarpara. Mama yake Bwana Mukherjee ameagiza."

"Mama Mukherjee ni mjane kama mimi."

Shangazi alijivuta mpaka ukingo wa baraza, akaichukua chupa, akaimwaga Balasindhu yote kwenye mfereji, taratibu, akipumzika katikati. Harufu ya langoni pa kiwanda ilijaa uani.

Pannalal aliaga, akainua mkoba wake. Ndani chupa nyingine ziligongana.

Shangazi alinitazama. Hakuwa na nguvu ya kusema kwa sauti, nikamsogezea sikio.

"Nenda naye, baba. Umtangulie mlangoni pa Mama Mukherjee."

Nilivaa ndara, nikachukua mwavuli.

"Twende, shemeji. Leo nami nina safari ya Uttarpara."

"Treni ya saa hizi hujaa sana," alisema.

"Nitasimama."